Ufundi wa Shahrazad

Katika kitabu cha Alfu Lela Ulela, Shahrazad hamhubirii mfalme. Mfalme huyo, Shahriyar, ameapa kuoa mwali kila usiku na kumwua kukipambazuka, na binti huyu wa waziri, bibi arusi wa usiku huu, aliyesoma tarehe za wafalme na mashairi ya kale, hakosi maneno ya kumkanya. Badala yake anamweka mdogo wake, Dinarzad, aombe kisa, naye anasimulia.

Katika kisa cha kwanza, mfanyabiashara anakula tende na kutupa kokwa. Linampiga mtoto wa jini, asiyeonekana kwa macho, naye anakufa. Jini anadai damu kwa damu. Mfanyabiashara anaomba muhula hadi mwaka mpya, aende kwake akalipe madeni, aandike wosia na kuwapa watu haki zao. Muda ukitimia anarudi, sanda kwapani. Hakuna askari aliyemleta. Kimemrudisha kiapo chake.

Msimulizi mvivu angetuambia kwamba bwana huyu alikuwa mcha Mungu, akapita. Msimulizi wa Alfu Lela Ulela anaufanya ucha Mungu huo uwe mguu wa kisa: bila deni na kiapo, hadithi ingeishia palepale kwenye kokwa. Kisha wanakuja wazee watatu, kila mmoja akimwomba jini theluthi ya damu ya mtu huyu kwa malipo ya kisa. Shahriyar anasikiliza haya, naye ana shingo ya kukata alfajiri.

Kisa cha kibyongo kinakwenda mbali zaidi. Kibyongo anakabwa na mwiba wa samaki kwa mshona nguo, na maiti inasukumwa kutoka mlango hadi mlango: kwa tabibu Myahudi, kwa Mwislamu msimamizi wa jiko la mfalme, hadi mikononi mwa dalali Mkristo. Dalali anapokaribia kunyongwa, msimamizi anapasua umati: aliyeua ni mimi. Kisha tabibu, kisha mshonaji. Waliokuwa wakitupiana maiti sasa wanagombea kitanzi, kwa sababu hakuna anayetaka kubeba damu ya pili mbele ya Mola wake. Tunacheka, na huku tukicheka tumeonyeshwa kwamba dhamiri haiulizi mtu anasali wapi.

Kitabu hiki hakikutakasika. Kina ulevi, uzinzi, na dharau kwa watu weusi inayomchoma msomaji wa pwani yetu. Dharau hiyo haistahili kutetewa kwa kisingizio cha zama. Lakini ufundi wake katika kushughulika na imani bado ni darsa. Waandishi wetu wengi huipa dini nafasi ya mwisho wa hadithi, pale mwema anapotunzwa na mwovu kuadhibiwa. Shahrazad huiweka katikati, pale inapomgharimu mhusika usingizi, mali, au roho. Atakayetaka kuandika juu ya mtu wa imani na aanze kwa kuuliza: imani hiyo itamtoza nini?