Nafsi ya Kwanza Sebuleni

Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa mapema kuuliza: nani anasimulia? Msimulizi wa nafsi ya tatu, yule ajuaye yote, huelea juu ya hadithi kama mwewe juu ya vifaranga. Wa nafsi ya kwanza yumo ndani, na hajui zaidi ya kile anachokifikia. Swali hilohilo linamfaa kijana wa Lubumbashi anayetafuta droni ndogo ya kurusha ndani ya nyumba, ile ambayo rubani huvaa miwani na kuona kama vile yeye mwenyewe ndiye anayepaa. Muuzaji atamwonyesha kamera na bei. Mimi ningependa atazame umbo kwanza, kwa kuwa umbo limekwisha kuamua nani atasimulia.

Nafsi ya tatu tunaifahamu siku nyingi. Mwaka 2013 Sammy Baloji, msanii aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alitoa kazi iitwayo Essay on Urban Planning. Ni picha 12 zilizopangwa kama ubao wa drafti: mji wetu ulivyo kutoka angani, kisha mbu na inzi waliochomwa pini katika hifadhi ya makumbusho ya Lubumbashi, kisha mji tena. Kutoka juu unaonekana ule ukanda ambao utawala wa Wabelgiji uliuacha kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika, kwa hoja kwamba mbu wa malaria asivuke.

Hakuna picha hata moja kati ya hizo 12 inayobeba hoja peke yake. Hoja imo katika kupokezana. Jicho likitoka kwenye mapaa kwenda kwenye safu za inzi, linashtuka kuona kwamba halikubadilisha namna ya kutazama: pande zote mbili vitu vimepangwa na kuhesabiwa na mtu ambaye havimgusi. Hata ukingo kati ya picha na picha, ambao jicho halina budi kuuruka, unaurudia ukanda ule. Baloji anaazima macho ya mpangaji wa mji ili ayashitaki kwa ushahidi wao wenyewe. Na Desemba ya mwaka huohuo, Umoja wa Mataifa ulianza kurusha droni za upelelezi kutoka Goma. Katika nchi hii ya Kongo, kitu kinachozunguka angani kikitutazama hakijawahi kuwa mchezo mtupu.

Tuingie ndani sasa. Mwaka 2021 ilitoka video fupi, Right Up Our Alley, iliyopigwa Bryant Lake Bowl, jumba la mchezo wa kuviringisha tufe huko Minneapolis, Marekani. Rubani alikuwa Jay Christensen, mwongozaji Anthony Jaska. Kwa muda wa kama dakika moja na nusu, droni inashuka kutoka barabarani, inaingia mlangoni, inapenya kati ya miguu ya watu, inazama hadi nyuma ya mashine zinazosimamisha vigingi, inatoka tena. Hakuna mkato hata mmoja. Watu walisifu vidole vya rubani, na vilistahili sifa. Mhakiki anasifu sentensi. Mlango, baa, meza na mashine vimeunganishwa na kitenzi kimoja kisichopumua, na jumba zima linabaki kitu kimoja. Baloji aligawa ili tuone mgawanyo. Hawa walikataa kugawa.

Lakini sikiliza. Maneno ya wateja tunayoyasikia yaliongezwa baadaye, kwa sababu mapangaboi hupiga kelele za kumeza kila sauti. Hii ni nafsi ya kwanza isiyo na masikio. Siihesabu kuwa kasoro: riwayani tunamkubali msimulizi anayekumbuka neno kwa neno mazungumzo ya miaka ishirini iliyopita, na mapatano hapa ni yaleyale. Ninachokilaumu ni kingine. Katika mwendo ule wa kasi watu wanageuka milango ya kupenyea. Jumba limeunganishwa, lakini hakuna aliyetazamwa.

Lawama hiyo inaturudisha kwenye ununuzi. Kwa sebule, au saloni kama tunavyosema hapa, kuna aina iitwayo tiny whoop. Ilianza kujulikana takriban mwaka 2016, Jesse Perkins wa Colorado alipofunga kamera ndogo kwenye droni ya kuchezea. Umbo lililozoeleka lina milimita 65 kutoka mota hadi mota kwa mshazari, mapangaboi ya milimita 31, na betri ya seli moja ya 300 mAh yenye gramu 8 hivi. Yote kwa pamoja hayazidi sana gramu 30, na hupaa dakika tatu au nne. Hizo ndizo mizani zake. Kama ilivyo katika tarbia, ukiongeza silabi huku utaidai kule: kamera bora ina uzito, na uzito unakula dakika.

Sehemu yenye maana kuliko zote ni duara la plastiki linalolizunguka kila pangaboi. Kwa droni ya angani kugusa ni ajali. Whoop hugonga ukuta, ikadunda, ikaendelea na safari. Duara limefanya kugusa kuwe sehemu ya lugha yake. Mwewe hana neno hilo.

Ukubwa unaofuata ni milimita 75, wenye mapangaboi ya milimita 40 na nguvu zaidi. Kuna sababu ya kuutamani: Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya kumi, na pangaboi hushika kidogo. Ukumbi wa shule au kanisa utaupokea vizuri. Saloni yetu ina sofa zilizofunikwa vitambaa vya kushona, meza katikati na pazia mlangoni, na pazia ndilo mtihani. Duara linalovumilia ukuta halivumilii kitambaa: pangaboi hukivuta, kikajizungusha, hadithi ikaisha. Chukua 65, na ulifunge pazia fundo kabla ya kuruka.

Picha nayo ina mitindo miwili. Analogi ni nyepesi na ina chenga. Mawimbi yakipungua nyuma ya ukuta wa matofali, chenga huongezeka taratibu na rubani hujua mapema kwamba anapotea. Dijiti ni safi, ila ina uzito zaidi, na mawimbi yakidhoofu sana picha huweza kuganda ghafla. Anayejifunza achukue msimulizi anayekiri shaka yake. Anayetaka kuwaonyesha wengine filamu atalipia usafi.

Kisha tazama pembe ya kamera, jambo wanalolisahau wengi. Droni huinamia mbele ili isogee, ndiyo maana kamera huinuliwa kidogo. Ikiinuliwa nyuzi 30 au zaidi, rubani hulazimika kukimbia ndipo aone mbele. Ikiwa nyuzi 15, anaweza kwenda polepole na bado akaona. Pembe ni kasi ya usimulizi. Bibi aliyeketi sofani si mlango wa kupenyea, kwa hiyo shusha kamera.

Nunua betri kadhaa na chaja ya USB, kwani hata pawabenki itazijaza umeme ukikatika. Huenda kobalti iliyomo ndani ya betri hizo imetoka migodi ya Kolwezi, ikazunguka dunia, ikarudi saloni ikiwa gramu chache.

Mwishowe kuna picha moja ambayo nafsi ya kwanza hii huipata bila kuitafuta. Rubani ameketi pembeni, miwani imemfunika macho. Droni inazunguka meza, inageuka, na mbele yake kuna mtu kitini mwenye rimoti mkononi, asiyeona chochote cha chumbani. Ni yeye. Kutoka angani angekuwa nukta juu ya ramani. Hapa ana ukubwa wa mtu, anakaribia, na lazima ajikwepe upesi kabla hajajigonga goti.