Majina ya Vyombo vya Sauti vya Nyumbani

Chombo kigeni kikiingia katika nyumba ya Mswahili hakikai siku nyingi bila ya jina, na jina hilo aghalabu hutolewa na watumiaji kabla wataalamu hawajaketi. Ndivyo ilivyokuwa kwa santuri. Asili yake ni jina la ala ya nyuzi ya Waajemi, ipigwayo kwa vijiti viwili; katika pwani yetu likahamia kwenye mashine iliyoimba yenyewe, kisha likashuka kwenye sahani iliyozunguka juu ya mashine ile. Kinanda nacho kilipita njia hiyo hiyo, kwani wapo waliosema kinanda cha santuri. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa sahani za His Master's Voice, sahani hizo ziliporudi Unguja hazikungoja kamati ya istilahi. Watu walisema santuri, wakaelewana.

Sikusudii kuwasifu wa zamani ili kuwatweza wa leo. Santuri ilikuwa chombo kimoja chenye sehemu chache zionekanazo kwa macho: ufunguo, sahani, sindano na pembe. Seti ya sauti ya siku hizi ni vyombo vitatu au vinne vilivyoungwa kwa waya, kila kimoja na kazi yake, na kazi hizo zimo ndani ya sanduku. Hapo ndipo istilahi zetu zianzapo kuyumba.

Tutazame kipaza sauti. Neno hili hupewa chombo kiwekwacho mbele ya kinywa cha msemaji; hupewa pia chombo kitoacho sauti upande wa pili; na wako wanaolipa hata sanduku lililo baina ya hivyo viwili. Basi na tukisie kuwa Makunduchi, siku za Mwaka Kogwa, yatumwa habari mjini kwamba kipaza sauti kimeharibika. Fundi achukue nini katika mfuko wake? Chombo cha kwanza kazi yake ni kuupokea mtikisiko wa hewa na kuugeuza umeme dhaifu. Cha katikati huutia nguvu umeme ule. Cha mwisho hufanya kinyume cha cha kwanza: umeme hupita katika koili iliyo karibu na sumaku, koili ikatikisika, nayo ikaitikisa koni ya karatasi, na hewa ikafuata. Ukiangalia sana, kinachopaza kwa haki ni kile cha katikati tu, nacho ndicho kinachoitwa kwa jina hilo mara chache kuliko vyote! Watumiaji wamekwisha kujitoa katika tatizo hili kwa kusema maiki, ampu na spika. Majina haya ni ya mkopo, lakini hayagongani, na kwa maoni yangu istilahi ya mkopo isiyogongana ni bora kuliko ya asili inayobeba vyombo vitatu. Anayetaka neno la kwetu kwa ampu anacho kikuza sauti, nacho chafaa.

Kosa kubwa zaidi, ingawa halipigiwi kelele, limo katika neno masafa. Maana yake ya kawaida ni umbali, na redio zilipoanza kutangaza mawimbi yao kwa masafa mafupi na masafa ya kati, neno lilikaa mahali pake: lilitaja urefu wa wimbi. Siku hizi neno hilo hilo hutumika kwa idadi ya mitetemo katika sekunde moja, ile ihesabiwayo kwa hezi. Sasa mambo haya mawili huenda kinyume. Sauti yenye mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la mita tatu na zaidi hewani. Yenye mitetemo 10,000 wimbi lake ni la sentimita tatu na nusu hivi. Kwa hiyo msomaji akiambiwa kuwa spika ndogo hutoa "masafa ya juu", ana haki ya kudhani kuwa sauti yake hufika mbali, na hali maana ni kuwa mawimbi yake ni mafupi. Mwandishi wa kijitabu cha maelezo asiyetenga mambo haya humpoteza msomaji, ijapokuwa kila neno lake limo katika kamusi. Kusema mitetemo kungetosha.

Na hilo "juu" nalo lina ila. Waingereza huipanga sauti kama ngazi, yenye juu na chini. Mswahili akisema fulani ametamka kwa sauti ya juu, amekusudia ukubwa wa sauti. Tofauti ile nyingine huitaja kwa wembamba na uzito. Mtoto ana sauti nyembamba, mzee ana sauti nzito. Wapigaji ngoma wana mpango wao tangu zamani, kwani vumi huvuma na chapuo hulia kwa wembamba, wala hakuna aliyehitaji kuuliza ipi iko juu. Nashangaa kuwa waandishi wa vijitabu hawakubisha hodi kwenye mlango huu. Besi, neno lililokwisha enea, si baya. Lakini fundi akisema kuwa spika yakoroma, au kwamba imepasuka, asemalo ni sahihi kuliko sentensi nzima ya kijitabu.

Juu ya sabufa sina mengi. Sanduku lake huandikwa maelfu ya wati, na hesabu hiyo ni ya nukta moja ya wakati, ikiwa hata nukta hiyo ipo. Chombo kivutacho wati 60 ukutani hakiwezi kutoa wati 3,000 mfululizo. Wala wati zikizidi maradufu sauti haizidi maradufu. Yazidi desibeli tatu tu.

Neno lililo gumu kuliko yote ni lile la sifa yenyewe, ambalo kwalo vyombo hivi huuzwa duniani. Wauzaji wetu husema sauti safi. Wengine wamependekeza uaminifu wa sauti, wakachekwa kwamba uaminifu ni tabia ya mtu, si ya mashine. Mimi nasimama na waliochekwa. Usafi ni jambo la msikilizaji kupendezwa. Uaminifu una shina moja na amana: kilichowekwa kirudishwe kama kilivyo, bila ya kupunguzwa wala kupambwa. Sikio zima la kijana husikia mitetemo tokea 20 hadi karibu 20,000. Simu ya zamani ilipitisha baina ya 300 na 3,400 tu, na ndiyo sababu "sisi" na "fisi" zilikaribia kuwa neno moja humo. Sauti hiyo yaweza kuwa safi, bila ya mkwaruzo hata mmoja, na isiwe aminifu.

Kwa anayenunua chombo cha kusikilizia taarabu jambo hili ni la starehe. Kwa anayerekodi Kikae cha Makunduchi si la starehe. Haji Chum alitoa msamiati wa lahaja hiyo katika jarida la Swahili mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tena katika kitabu mwaka 1994, lakini orodha ya maneno haisemi jinsi bibi anavyoikata konsonanti. Hilo limo katika kanda, na kanda za zamani sasa zahamishiwa katika kompyuta, ambamo programu ya kusafisha huondoa mvumo na mkwaruzo kwa kubofya mara moja. Programu hiyo haijui ukomo wa mkwaruzo na mwanzo wa s. Mwenye kazi akiagizwa asafishe, atasafisha. Akiagizwa ahamishe kwa uaminifu, ataiacha nakala ya kwanza na makelele yake yote, jogoo na upepo wa pwani humo, na iliyosafishwa ataiweka kando kwa jina jingine.