Nionyeshe, Kukhu

Muuguzi aliyeiva katika kazi hii hutambulikana kwa jambo dogo: huvuta kiti akaketi. Mgonjwa wa mapafu ameruhusiwa kurudi nyumbani na oksijeni, jamaa wamekwisha kufunga mizigo, matatu inangoja, na yeye ndiyo kwanza anauliza. Nyumba ina vyumba vingapi? Jiko liko wapi? Nani hulala chumba kimoja na mama? Stima ni yenu au mmevuta kwa jirani? Mashine ya oksijeni bado haijaguswa. Akiridhika na majibu, huonyesha hatua kwa hatua, kisha humkabidhi bibi mrija na kusema: “Haya kukhu, sasa ni wewe unifundishe mimi.”

Hapo ndipo ufundi ulipo. Kukhu, yaani bibi kwa Kibukusu, atazivaa zile ncha mbili za mrija juu chini, mpindo ukielekea kwenye paji la uso badala ya kufuata njia ya pua. Atasahau kuwasha mashine kabla ya kuvaa. Mwanawe atataka kumsaidia, na muuguzi atamzuia kwa jicho. Mikono yake mwenyewe ameiweka mgongoni, maana anajua kwamba mkono wa mtaalamu ukiingilia mapema, somo limekufa. Husubiri. Husikiliza kwa uso usiotoa siri, kama vile hajawahi kuiona mashine hiyo maishani, na kukhu anapokwama huuliza swali la kijinga makusudi. Robo saa hupita. Kwa macho ya mtu mwenye haraka, hakuna kazi iliyofanyika.

Wanafunzi wake wengi ni wa aina moja. Ni wanawake waliopika kwa kuni tangu utotoni, wakiinamia mafiga katika jiko la nyasi lisilo na dirisha, kuanzia Kiminini hadi Kimilili, magharibi mwa Kenya, na mapafu yao yakalipa gharama ya ugali wa ukoo mzima. Wazee nao wapo, na kwao mwalimu mjanja ana njia nyingine. Mzee wa Kibukusu aliyekaa miaka mingi kuzunguka chungu cha pombe hahitaji kuelezwa kwa nini mrija wa oksijeni usikunjwe wala kukaliwa: aulizwe tu mrija wake wa busaa ukibanwa kinatokea nini. Hucheka, na hasahau tena.

Kitale, mji wa eneo hilo, uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi inayovutwa hapo hubeba oksijeni pungufu kuliko pumzi ya Mombasa. Kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu kikisoma asilimia 94, muuguzi mwenyeji hashtuki. Lakini kazi ngumu zaidi ni kuwafundisha jamaa wasishtuke wao, kwa sababu hofu ya jamaa huishia kwenye kitufe. Mwana ameamshwa usiku na mama anayehema; anampenda; anapandisha kutoka lita 2 kwa dakika hadi 5. Kwa mgonjwa ambaye mapafu yake yameharibiwa na moshi miaka mingi, huenda huo ukawa mwanzo wa hatari: hewa chafu hujilimbikiza kwenye damu, mgonjwa huamka na kichwa kinachouma, husinzia mchana, na hatimaye huweza asiamke vizuri. Wagonjwa wa namna hiyo mara nyingi hulengwa kukaa kati ya asilimia 88 na 92, si 100. Mwambie hivyo mtoto anayemwona mamake akitapatapa! Inahitaji mtu wa heshima, mwenye sauti ya chini, amweleze kwamba oksijeni ni dawa kama nyingine, ina kipimo chake, na kuiongeza bila kuuliza si upendo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha miongoni mwa dawa muhimu kama tiba ya upungufu wa oksijeni mwilini. Wauguzi walikuwa wakilisema hilo muda mrefu kabla ya hapo.

Kisha moto. Watu wanaogopa mtungi wa oksijeni kwa sababu wanaujua wa gesi ya kupikia, na mwalimu huanza kwa kuigeuza hofu hiyo ielekee mahali pake. Oksijeni yenyewe haiwaki. Hukifanya kinachowaka kiwake kwa hasira. Blanketi na sweta huinywa, ndiyo maana anayeivua asikimbilie jikoni papo hapo, bali akae kwanza nje apigwe na upepo kwa nusu saa hivi. Sigara, kiko, koroboi, mshumaa na jiko la makaa vikae mbali, hatua tatu kubwa au zaidi, na mvutaji atoke nje kabisa. Na mafuta ya kujipaka, yale ya mgando yanayopatikana kila kioski, yasipakwe puani wala yasigusane na regileta. Hili la mwisho huwashangaza wengi, kwa kuwa pua ikikauka mkono hukimbilia mafuta hayo bila kufikiri.

Hesabu nayo hufanywa kwa kidole ukutani, hakuna haja ya kalamu. Mtungi mkubwa wa lita 6,800, kwa lita 2 kwa dakika, hudumu saa 56, yaani siku mbili na ushee. Ule mdogo wa lita 1,360 haumalizi hata usiku na asubuhi yake: saa 11. Anayejua hesabu hiyo hangoji sindano ya geji ilale ndipo atafute bodaboda. Na akiipata bodaboda, afadhali aiache. Mtungi uliofungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki kwenye barabara ya changarawe ni jambo ambalo kila mtu ameliona na hakuna aliyepaswa kulizoea.

Juni 2021, kaunti 13 za ukanda wa Ziwa, Bungoma na Trans Nzoia zikiwemo, ziliwekewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni kwa sababu ya korona. Vitanda vilijaa. Oksijeni ikaingia majumbani kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana, ikikodishwa, ikiazimwa, ikichangiwa na ukoo kwenye vikundi vya WhatsApp. Mashine zilikuja. Mwalimu hakuja nazo. Zilifika zikiwa na kijitabu cha Kiingereza na fundi wa kuunganisha waya, akaonyesha swichi, akapokea pesa, akaondoka. Tangu wakati huo imezoeleka hivyo: maelezo ya dakika mbili mlangoni, sahihi, kwaheri. Chujio la sponji halioshwi, na vumbi la Januari la Kitale linalijaza hadi mashine inakoroma. Maji ya kichupa cha unyevu yanakaa wiki nzima, mtu akidhani kuyabadilisha ni kuyaharibu.

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Mashine inayochuja hewa ya chumbani haina akiba tumboni. Umeme ukikatika hulia kidogo, kisha hunyamaza. Nyumba iliyofundishwa huwa na mtungi wa dharura umesimama kwenye kona, umefungwa mnyororo, spana ikining'inia shingoni mwake, na angalau watu wawili wanaojua kuufungua polepole gizani kwa tochi ya simu, si kwa kibiriti. Nyumba isiyofundishwa huwasha mshumaa.

Mwezi uliofuata serikali ilizindua mabegi ya kazi kwa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000. Hao ndio wanaoingia majumbani. Wanawajua akina kukhu kwa majina na kwa maboma yao. Wangeketi mwezi mmoja tu kando ya kile kiti cha wodini, kabla muuguzi mwenyewe hajastaafu, wangeondoka na kitu ambacho begi halina. Lakini wanaostaafu hufanyiwa chai na kupewa saa ya ukutani, na nafasi zao hukaa miaka bila kujazwa.