Hodi ya Kwanza: Namna ya Kupima Filamu ya Uvamizi wa Nyumbani

Filamu ya uvamizi wa nyumbani ni tawi la filamu za kutisha ambalo adui wake hana pembe, hafufuki kaburini wala hatoki baharini. Ni mtu anayekuja mlangoni. Vifaa vyake ni vinne tu: nyumba, wenye nyumba, usiku mmoja na mgeni asiyetakiwa. Vifaa vikiwa vichache namna hiyo, kosa halina pa kujificha, na bado hakuna tawi linalohukumiwa ovyo kama hili. Katika vibanda vya video vya nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet, kutoka Brooke na Kapsoit hadi Litein, Sotik na Silibwet, muvi moja ya aina hii huwatoa watazamaji wakiwa makundi mawili. Hawa wanaapa kwamba hawatalala. Wale wanadai warudishiwe pesa kwa kuwa hakuna kilichotendeka. Kubishana si kosa. Kinachoudhi ni kwamba sifa huangukia kazi mbovu, yenye vinyago vitatu, damu ya ndoo na wufa ya kutikisa mabati, huku kazi ya fundi ikiitwa muvi ya kusinzilia.

Ushahidi ulio karibu ni The Strangers. Ya kwanza, ya mwaka 2008, iliongozwa na Bryan Bertino. Iliyoanzisha hadithi upya, ya mwaka 2024, iliongozwa na Renny Harlin. Kisa ni kile kile: mtu na mpenzi wake, nyumba iliyo peke yake, wavamizi watatu waliofunika nyuso, na msichana anayegonga mlango kumuulizia mtu asiyeishi hapo. Anayeziweka filamu hizi mbili katika mizani moja kwa sababu vinyago vinafanana ni sawa na mnunuzi anayepima majani kwa rangi ya gunia. Tofauti yao, na tofauti ya kazi nzuri na mbovu katika tawi zima, huanzia mahali ambapo mtazamaji mgeni bado anatafuta pa kukaa: kwenye hodi.

Hodi ni mkataba. Anayebisha anakiri kwamba nyumba si yake, na anayejibu "karibu" anajitwika dhamana ya mgeni. Ndiyo maana adabu inasema hodi ni tatu. Zisipojibiwa, mtu aondoke. Filamu nzuri huuvunja mkataba huo polepole mtazamaji akiona. Filamu mbovu huvunja mlango.

Hodi bora kuliko zote imo katika Funny Games ya Michael Haneke, iliyotengenezwa Austria mwaka 1997 na kurudiwa na mwongozaji huyo huyo huko Marekani mwaka 2007, karibu picha kwa picha. Kijana mpole anafika jikoni kuomba mayai. Ametumwa na jirani, anasema. Ombi hilo halihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote wa Bomet, ambako chumvi, kiberiti na mayai huvuka ua kila jioni bila daftari. Mama mwenye nyumba anampa. Mayai yanaanguka na kuvunjika. Kijana anaomba radhi, kisha anaomba mengine. Mara simu ya familia inatumbukia katika maji ya karo, kwa bahati mbaya tena, na radhi nyingine inaombwa. Hadi hapo hakuna aliyepigwa wala kutukanwa, lakini nyumba imekwisha kutekwa, maana mama amebaki na njia mbili tu: awe mkorofi kwa mgeni mwenye adabu, au aendelee kutoa. Mtazamaji mgeni hapa hutazama saa. Mjuzi hutazama mikono ya kijana: amevaa glavu nyeupe, na mwenye nyumba haulizi kwa nini. Asiyeziona glavu hajaiona filamu hiyo, hata akiitazama mara kumi.

Hodi ya Bertino ni ya pili kwa ubora. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba ilitokana na jambo la utotoni: watu waligonga mlango wa kwao wakamuulizia mtu asiyekuwepo, na baadaye ikajulikana kwamba walikuwa wakizivunja nyumba za mtaa zilizokosa mtu wa kujibu. Katika filamu, msichana anagonga usiku wa manane, taa ya nje ikiwa haiwaki, na uso wake hauonekani sawasawa. Anaambiwa amekosea nyumba, anaondoka, na anarudi na swali lile lile. Swali halikubadilika hata neno moja. Kilichobadilika ni kwamba sasa halihitaji jibu.

Baada ya hodi hiyo ndipo inapokuja picha ambayo ingetosha peke yake kuwatenga wajuzi na wapiga kelele. Mwanamke yumo ndani peke yake, na kamera imetulia. Nyuma yake, katika giza la mlango, anatokea mwanamume aliyevaa gunia usoni. Anasimama, anamtazama, na hatimaye anaondoka bila mwanamke kujua. Hakuna kishindo cha muziki kinachomgutusha mtazamaji amwangalie. Aliyekuwa akimpasia jirani njugu hajaona kitu, naye ndiye atakayesema kesho kwamba muvi haina lolote.

Hodi ya tatu ya kutajwa ni ile ambayo haikupigwa. Katika Us ya Jordan Peele, iliyotoka Machi 2019, stima imezimika na familia ya watu wanne imesimama nje ya nyumba, gizani, imeshikana mikono, kimya. Baba mwenye nyumba ndiye anayetoka kuwasemesha, kwanza kwa upole, halafu kwa ukali, rungu la besiboli mkononi. Hapa mwenye nyumba ndiye anayebisha hodi kwa wageni, na wageni hawajibu. Mageuzi hayo ni ya fundi mkubwa. Kwa bahati mbaya, sifa za filamu hii katika sehemu za Kenya zilielekezwa kwingine, kwa kuwa Lupita Nyong'o ni binti wa gavana wa Kisumu, kaunti inayopakana na Kericho. Ujirani haujawahi kuwa kigezo. Kinachostahili sifa ni kwamba Lupita anacheza mama wa nyumba na mvamizi wake, na kwamba kati ya wale wavamizi wanne ni wake tu anayesema, kwa sauti ya koo lililosahau kazi yake. Waliolalamika kwamba nusu ya pili ya Us inaeleza mno wana haki. Mvamizi anayetoa hotuba ndefu kuhusu asili yake amekwisha kuwa mgeni wa kawaida.

Hodi nzuri yaweza pia kupotezwa. The Purge ya mwaka 2013 ina mojawapo ya hodi zenye uzito mkubwa: mtu aliyejeruhiwa analilia msaada barabarani, na mtoto wa nyumba, kwa huruma, anafungua vizuizi vya chuma. Baada ya hapo filamu inaigeuza nyumba kuwa uwanja wa shoka na bunduki. Wanaoisifu husifu wazo lake. Wazo si filamu.

Kanuni ndogo za hodi ni hizi. Mlango wa mbao unashinda wa kioo. Hodi ya usiku inashinda ya mchana, isipokuwa ya Haneke. Mvamizi anayecheka mlangoni ameiharibu kazi. Kanuni hizi hazina mjadala.

Kigezo kinachofuata ni nyumba yenyewe. Kabla ya mvamizi kuingia, mtazamaji awe ameshajua jiko liko wapi, ngazi zinatokea wapi na mlango wa nyuma unafungwa na nini. David Fincher, katika Panic Room ya mwaka 2002, aliipitisha kamera orofa kwa orofa, ikaingia hadi ndani ya tundu la ufunguo na kupenya mpini wa birika la kahawa, wezi wakijaribu milango nje. Wengi waliona mbwembwe. Ilikuwa ramani. Jaribio ni rahisi: mtazamaji anayetoka kibandani apewe kijiti achore nyumba ile mchangani. Akishindwa, mwongozaji ameshindwa. Mkazi wa kambi ya kampuni ya majani chai, ambaye familia yake yote hulala chumba kimoja, anahitaji ramani hiyo zaidi, kwa sababu kwake nyumba ya orofa nne ni hadithi hata kabla ya jambazi kufika.

Kigezo cha tatu hakimo katika vitabu vya wahakiki wa ng'ambo, nao wanapungukiwa kwa hilo. Ni nduru. Mtazamaji wa Bomet au Sotik huuliza mapema, kwa sauti: mbona hawapigi nduru? Swali si la kijinga. Katika vijiji ambako wizi wa ng'ombe umewahi kuwaamsha watu usiku, hasa kwenye mpaka na Nyamira, nduru moja huwatoa majirani na rungu na mishale kabla chifu hajapigiwa simu. Filamu isiyolijibu swali hilo inaanguka, hata iwe na tuzo. Katika Hush ya Mike Flanagan ya mwaka 2016, mwenye nyumba ni kiziwi asiyeweza kusema, anaishi msituni, na jirani yake anauawa mapema. Katika Us, familia inakimbilia kwa marafiki na kuwakuta wameshatangulia. Jibu la Haneke ndilo kali zaidi: jirani mwenyewe ndiye aliyemleta mmoja wa wavamizi, kwa kulazimishwa, na kumtambulisha kama mgeni wake.

Kigezo cha nne ni giza na ukimya, ambavyo ni kitu kimoja. Bingwa wake ni Wait Until Dark ya Terence Young, ya mwaka 1967. Audrey Hepburn, akicheza mwanamke asiyeona, anavunja balbu za nyumba ili yeye na jambazi wawe sawa gizani. Katika baadhi ya kumbi za sinema, taa zilipunguzwa hatua kwa hatua pamoja naye. Lakini amelisahau friji, na adui anaufungua mlango wake kupata mwanga. Mruko wa adui huyo kutoka gizani umeigwa mara nyingi sana, na waigaji wamesahau kwamba ni mmoja tu katika filamu nzima. Filamu inaruhusiwa mruko mmoja. Wa pili ni deni, wa tatu ni wizi. Paka anayeruka kutoka kabatini hahesabiwi hata kidogo.

Kericho humuonea fundi wa ukimya. Mvua hunyesha alasiri nyingi za mwaka, na ya mawe ikija juu ya mabati, hata mazungumzo hupotea. Filamu ya Bertino ikionyeshwa saa hiyo haina sauti ya kiberiti, hatua wala pumzi, na inayobaki ni watu wanaotembea gizani. Nusu ya ubishi kuhusu filamu hizi ingeisha kama kila mbishi angetaja kwanza hali ya hewa.

Kigezo cha tano kinahusu msimulizi, yaani anayewafasiria watazamaji filamu inapoendelea. Ufundi wa kuisemea filamu una mabingwa wake: Lufufu kwa Dar es Salaam, VJ Jingo kwa Kampala, DJ Afro kwa Kenya. Ni sanaa kamili kwenye filamu za ngumi na za Kihindi, ambako msimulizi humpa steringi utani ambao hakuwa nao. Katika filamu ya uvamizi, msimulizi hupimwa kwa kunyamaza. Anayetangaza "huyo ndiye adui" kabla msichana hajamaliza kuuliza swali lake ameua filamu kwa neno moja.

Baada ya wasimulizi wabaya huja walaghai wa biashara. Wapo wanaouza diski yenye jalada la filamu moja na kisa cha nyingine. Wapo wanaogeuza alama ya 18 ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya kuwa tangazo, kana kwamba bodi hupima ubora badala ya umri. Wabaya zaidi ni waendeshaji wa vibanda wanaorusha mwanzo ili maonyesho mawili yaingie katika jioni moja. Kinachorushwa ni hodi. Na jioni ambayo lori la kiwanda limechelewa kwenye kituo cha kununulia majani, wachumaji huingia filamu ikiwa imekwenda, wakamkuta jambazi yumo ndani bila kujua aliingiaje. Zamani, enzi za kaseti na jenereta, mtu alilipa, akaingia mwanzoni, na mlango ukafungwa. Watazamaji walinyamaza hata mkanda ulipokwama. Simu imemfanya kila mtu kuwa mwendeshaji wa kibanda chake mwenyewe, na kila mtu anarusha mwanzo.

Kuna mtazamaji mmoja asiyehukumiwa kwa vigezo hivi. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, nyumba za wafanyakazi zilivamiwa hapa hapa kwenye mashamba ya majani chai, na familia nyingi zikakimbia. Aliyepitia usiku ule akitoka nje wakati wa hodi, hajashindwa kuielewa filamu. Ameielewa kabla ya wengine.

Kwa jumla, filamu za tawi hili huwekwa katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni la zile ambazo hodi, nyumba, nduru na ukimya vyote vimejibiwa; ni chache, na nyingi zina zaidi ya miaka kumi. La pili ni la zenye hodi nzuri lakini zinaikosa nyumba au nduru. Hutazamwa mara moja, kwa heshima. La tatu ni la zile ambazo mvamizi alivunja mlango kwa teke. Hizo ndizo hujaza kibanda Jumamosi.