Mtunzi Asiye na Muswada: Utungaji wa Papo kwa Papo katika Vichekesho vya King Majuto

Amri Athumani (1948–2018), mzaliwa wa Tanga aliyefahamika zaidi kwa jina la King Majuto, hutajwa mara nyingi kama mwigizaji na mchekeshaji. Ni nadra kutajwa kama mtunzi. Sababu inayotolewa ni kwamba vichekesho vya video kwa kawaida havikuwa na muswada uliokamilika. Wahusika walielezwa kisa kwa muhtasari, kisha wakajenga mazungumzo mbele ya kamera. Sehemu hii inadai kuwa sababu hiyo haitoshi.

Dai hili linadhihirika katika vichekesho alivyoigiza pamoja na Hussein Ramadhani Mkieti (Sharo Milionea), aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 2012. Mkieti aliingia na mhusika aliyekwisha kukamilika: kijana sharobaro, mwenye maringo ya mavazi, mwendo na matamshi. Majuto alimkabili kwa mzee wa uswahilini, mkali wa maneno na mwepesi wa kukasirika. Kisa chenyewe ni chepesi. Kicheko hutokana na jibu linalocheleweshwa, neno la kijana linalorudiwa kwa lafudhi ya mzee, na uso unaokana kile ambacho mdomo umekiri. Vikiondolewa vipengele hivi, hubaki muhtasari usiochekesha.

Inaweza kupingwa kwamba mwongozaji na mhariri wa picha nao huamua kipi kibaki. Hoja hiyo ni sahihi, ila inathibitisha utunzi wa pamoja. Haimwondoi mtendaji miongoni mwa watunzi. Fasihi simulizi imelikubali jambo hili zamani: fanani wa ngano hadaiwi muswada ili atambuliwe kuwa mbunifu. Vichekesho vya video vinastahili kipimo hichohicho.

Kutotambua huku kuna gharama. Enzi za kaseti na DVD, Kariakoo ilikuwa kitovu cha usambazaji wa filamu, na ilikuwa kawaida kwa wasambazaji kununua kazi kwa malipo ya mara moja. Mwigizaji alilipwa ujira wa kuigiza, ilhali nakala ziliendelea kuuzwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda watunzi na watendaji pia. Lakini ni vigumu kudai utunzi pale ambapo mkataba unamtambua mdai kama mwigizaji tu. Ugonjwa wa Majuto, aliyefariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, uliibua mjadala wa hadhara kuhusu mikataba ya wasanii. Mjadala huo ulihusu zaidi malipo, na swali la nani alitunga likabaki nyuma.

Kwa hiyo, uhakiki wa vichekesho hivi hauna budi kuanza na unukuzi wa onyesho lenyewe, pamoja na vituo, ishara na mabadiliko ya sauti, na umtaje mtendaji kuwa mtunzi mwenza kila unukuzi huo unapothibitisha hivyo.