Sekunde 173: Honi Fupi Kutoka kwa Shimo Jeusi

Usiku wa kuamkia 28 Julai 2006, ilipokaribia saa 10 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, darubini nne za kunasa miale ya gama, za kituo cha H.E.S.S. katika nyanda za juu za Khomas, Namibia, zilikuwa zimeelekezwa kwenye galaksi iitwayo PKS 2155-304. Nuru ya galaksi hiyo husafiri takriban miaka bilioni 1.5 kabla ya kutufikia, na katikati yake limo shimo jeusi linalokadiriwa kuwa na uzito wa majua bilioni moja au zaidi. Usiku huo miale yake ya gama ilifurika. Kwa wastani ilikuwa mara saba ya ile ya Nebula ya Kaa, ambayo wanafizikia wa fani hii huifanya kibaba cha kupimia vingine vyote.

Wingi huo ulishangaza, lakini kilichowakosesha usingizi wananadharia ni kasi. Katika muda wa zaidi kidogo ya saa moja, mng'ao ulipanda na kushuka mara tano, na kupanda kwa mara mojawapo kulichukua sekunde 173 tu, kukiwa na shaka ya sekunde 28 juu au chini. Tuitazame namba hii: ilipatikanaje, na inatulazimisha kukubali nini?

Ugumu wa kwanza ni uhaba. Fotoni za gama zenye nguvu ya zaidi ya elektronivolti bilioni 200 huja moja moja. Ukipiga hesabu kwa kipimo cha usiku ule ule wa mafuriko, kigunduzi cha mita moja ya mraba kingesubiri takriban saa 16 ili kupata fotoni moja. Vigunduzi vinavyorushwa angani kwa setilaiti vina ukubwa wa kadiri hiyo. Kwa chombo cha namna hiyo, tukio lote lingepita bila hata fotoni moja kunaswa.

Dawa yake ilikuwa kuifanya angahewa yenyewe iwe kigunduzi. Fotoni ya gama haifiki ardhini. Ikigonga hewa huzaa elektroni na positroni, nazo huzaa fotoni nyingine, hizo huzaa tena, mpaka panatokea manyunyu ya chembe yanayofikia kilele chake kwenye kimo cha kilomita 10 hivi. Chembe hizo hukimbia kuliko nuru inavyokimbia ndani ya hewa, na kwa sababu hiyo hutoa mmweko wa buluu, nuru ya Cherenkov, unaodumu nanosekunde chache tu. Mmweko huo humwagika ardhini kwenye duara lenye kipenyo cha kama mita 250. Darubini iliyo popote ndani ya duara itauona. Kwa hiyo eneo la kunasa halipimwi kwa ukubwa wa kioo. Hupimwa kwa ukubwa wa duara, yaani makumi ya maelfu ya mita za mraba.

Darubini za H.E.S.S. zilipangwa kwenye pembe za mraba wenye ubavu wa mita 120, ili mmweko mmoja uonwe na zaidi ya moja. Kila moja ilikuwa na vioo vidogo 382 na kamera ya mirija 960 ya kukuza nuru, yenye wepesi wa kunasa kitu kinachopita ndani ya nanosekunde.

Baada ya kunasa inafuata kazi ya ungo. Angahewa hupigwa usiku kucha na mionzi ya kosmiki, hasa protoni, ambazo manyunyu yake huwa mengi kuliko ya gama kwa takriban elfu kwa moja. Kinachotenganisha mchele na pumba ni umbo. Manyunyu ya gama huacha kwenye kamera alama nyembamba, laini, mfano wa punje ya mpunga. Ya protoni huacha alama pana iliyochanikachanika. Mwaka 1985 mwanafizikia Michael Hillas alionyesha namna ya kuzipima alama hizo kwa urefu, upana na mwelekeo. Ukichora mihimili ya alama za darubini mbili au zaidi, inapokutana ndipo mwale ulipotoka angani.

Baada ya kupepeta, zilibaki fotoni za gama karibu 2.5 kwa sekunde. Kwa maoni yangu, hii ndiyo namba iliyobeba uchambuzi wote. Fotoni 2.5 kwa sekunde ni 150 kwa dakika. Kosa la kubahatisha la hesabu ya 150 ni kama 12, yaani asilimia 8. Kwa hiyo watafiti waliweza kuchora grafu ya dakika kwa dakika na kuamini vilima walivyoviona. Wangepata fotoni tano kwa dakika, vilima vile vitano vingezama kwenye bahati nasibu.

Sasa tuone namba ile inatulazimisha kukubali nini. Tuseme msafara wa magari ya harusi umenyooka barabarani, nawe umesimama mbele yake. Madereva wote wapige honi kwa pamoja, mara moja, kwa ufupi. Utaisikia kwanza honi ya gari la mbele, na ya gari la mwisho itachelewa kukufikia. Msafara mrefu hauwezi kukupa mlio mfupi. Nuru nayo ina sheria hiyo hiyo. Katika sekunde 173 husafiri kilomita milioni 52, kama theluthi ya umbali wa kutoka hapa hadi kwenye Jua. Lakini kwa shimo jeusi la uzito wa majua bilioni moja, nuru inahitaji zaidi ya saa mbili na nusu kuvuka nusu kipenyo chake tu. Hata ukiongeza zile sekunde 28 za shaka, honi ni fupi mno kwa msafara huu.

Maelezo ya kawaida ni kwamba galaksi za aina hii hurusha mkondo wa plazma karibu moja kwa moja kuelekea kwetu, na chanzo kinachotujia kwa kasi inayokaribia ya nuru hufupisha muda tunaouona. Hapo ndipo wengi huteleza. Ufupisho huo humsaidia anayekimbia, nalo shimo jeusi halitujii. Mtikisiko ukianzia kwenye shimo lenyewe, mdundo wake unabaki wa saa nzima nzima hata ukibebwa na mkondo. Basi mlipuko ulizaliwa ndani ya mkondo, katika kipande kidogo chake. Tena mwaka 2008 wananadharia Begelman, Fabian na Rees walieleza kwamba ili miale hiyo itoke bila kumezwa na nuru nyingine njiani, kipande hicho kilipaswa kukimbia kwa angalau asilimia 99.98 ya kasi ya nuru.

Tangu hapo zimependekezwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa vijikondo vyenye kasi zaidi ndani ya mkondo mkubwa, vinavyosukumwa na mistari ya uga wa sumaku inayokatika na kuungana upya. Mjadala haujafungwa. Lakini kila anayeleta nadharia mpya ya milipuko hii anapaswa kwanza atuonyeshe gari lililo dogo kiasi cha kupiga honi ya sekunde 173.