Namna ya Kuhukumu Taa ya Tangi la Mimea

Taa ya tangi la mimea huhukumiwa kwa jani jekundu. Jani hilo likibaki jekundu chini yake, taa inafaa. Likigeuka kahawia, haifai, hata maji yang'ae namna gani. Kanuni ni nyepesi, lakini siku hizi wanaoifuata ni wachache. Katika sebule na mapokezi ya hoteli, tangi linalosifiwa kuliko yote ni lile lililofungwa ukanda wa LED za zambarau. Wageni hupiga picha na kusema maji yanawaka. Kinachowaka ni taa. Umanjano wa jani lililokosa madini ya chuma hauonekani, mwani juu ya changarawe hauonekani, na samaki wote wamekuwa plastiki tupu. Zambarau hukuza mimea, hilo halina ubishi, kwa kuwa klorofili hufyonza zaidi bluu na nyekundu. Lakini tangi si kitalu. Huwekwa ili litazamwe, na mwanga unaoficha kasoro haustahili sifa.

Kwanza hupimwa nguvu. Kanuni ya zamani ya nusu wati kwa lita ilitungwa enzi za tyubu, na kwa LED haina maana tena. Kinachohesabiwa ni lumeni: 20 kwa lita zinatosha kwa anubia, kriptokorini na kangaga la Java, 40 zinatosha kwa rotala na ludwigia. Kuzidisha hapo bila kutia kaboni dioksidi ni kulima mwani. Asiyeamini kwamba mwanga hafifu unatosha na apande kutoka Muheza hadi Amani, katika milima ya Usambara, akatazame vijito vinavyoteremkia Mto Zigi chini ya dari la msitu. Kwenye miamba yenye kivuli ya milima hiyo ndiko liliko ua la urujuani la Usambara, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani, na Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia mwaka 1893. Ua hilo lilipoenea katika nyumba za Ulaya na Marekani, wengi walilikuza chini ya tyubu za kawaida zilizofungwa kwenye rafu, nalo likachanua vizuri. Halikudai taa ya uwanja wa mpira.

Kelvini haihitaji maneno mengi. 6500 ndiyo rangi ya tangi la maji baridi. Chini ya 5000 ni mwanga wa mgahawa, na kuzidi 10000 ni wa wafuga matumbawe, nao waachiwe.

Ujuzi wenyewe uko kwenye tarakimu tatu. Mwishoni mwa tyubu, karibu na pini, pamechapwa kwa herufi ndogo 865 au 765. Anayeanza huona 65, hujua ni Kelvini 6500, hulipa na kuondoka. Tarakimu ya kwanza hakuisoma, na ndiyo iliyobeba kila kitu. Nane ina maana CRI, kipimo cha uhalisi wa rangi, ni ya themanini na kitu. Saba, ya sabini na kitu. Zikiwashwa dukani, zote mbili ni nyeupe, zote zinaumiza macho sawasawa, na ya saba ina bei nafuu. Tofauti huonekana tangini. Unga uliopakwa ndani ya 865 una madini yanayotoa mstari mkali wa nyekundu karibu na nanomita 611; unga wa 765 ni ule wa kizamani, wenye nyekundu haba. Chini ya 865, ludwigia huonekana damu ya mzee. Chini ya 765, ludwigia ileile ni jani lililooza. Mwenye tangi huanza kununua mbolea, kisha chuma cha maji, kisha mtungi wa gesi, na kosa lote ni tarakimu moja.

LED zina mtego wake. Karibu zote nyeupe ni chipu ya bluu, karibu na nanomita 450, iliyopakwa unga wa njano, kwa hiyo nyekundu ndiyo hupungua kwanza. Boksi laweza kuandikwa Ra 80 bila uongo wowote na taa bado ikaua wekundu, kwa sababu Ra, ambayo ndiyo CRI ya kwenye boksi, hukokotolewa kwa rangi nane zilizofifia, na nyekundu kali, R9, haimo. Hapo boksi halisaidii tena; kinachosaidia ni chungwa la Muheza. Kwa kuwa usiku wa huku ni wa joto, chungwa huiva ganda likiwa bado na mabaka ya kijani. Huchaguliwa lenye kijani, njano na wekundu kidogo, likashikwa chini ya taa dukani. Taa nzuri hutenga rangi hizo tatu. Taa mbovu huzichanganya zikawa moja, ya tope. Kisha hutazamwa kucha za mkono ulioshika chungwa: zikiwa kijivu, taa irudishwe kwenye boksi. Wauza taa hawalipendi jaribio hili.

Takashi Amano, Mjapani aliyefariki mwaka 2015 na ambaye matangi yake bado ndiyo kipimo, alikuwa pia mpiga picha wa mandhari. Alitundika taa za metali halidi juu ya tangi lisilo na mfuniko, na mashina yake mekundu yalibaki mekundu. Aliyezoea kuangalia rangi za msitu hadanganywi na mng'ao.

Wadanganyifu wako kwenye wati pia. Taa iliyoandikwa 40W kwa herufi kubwa mara nyingi haifiki hata nusu yake. Mita ya LUKU humaliza ubishi: vyote vizimwe, iachwe taa peke yake kwa saa 10. Wati 40 za kweli hula uniti 0.4, zikitoka 0.15, mnunuzi ameibiwa.

Umbo nalo hutazamwa. LED yenye mgongo wa alumini ni nzito na hupoa. Ya plastiki tupu huchoma saketi yake yenyewe muda mrefu kabla ya zile saa 25,000 za kwenye boksi. Kamera ya simu ikionyesha mistari inayotembea, saketi ni ya bei rahisi. Tyubu za zamani zilikuwa na choki ya chuma na stata ya kuchomoa kwa vidole. Choki ilinguruma usiku kucha, ikadumu kuliko fremu ya engo na pati iliyobeba vioo vya tangi. Tyubu yenyewe hubadilishwa kila mwaka kabla haijaungua, maana unga huchoka macho yasione.

Mwisho ni saa. Muheza iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mchana wake haupotei mbali na saa 12, na wengi huliiga jua. Lakini saa 8 zinatosha, zikisimamiwa na taima, kwa kuwa mkono husahau. Umeme ukikatika siku moja, mimea huvumilia. Kosa ni kuifidia kesho yake kwa kuacha taa ikiwaka hadi usiku wa manane.